Magauni ya Kibonge

Alasiri hiyo Mwalimu alikata uzi wa mwisho kwa meno, akalikung'uta gauni la njano mbele ya dirisha, akaona limetoka jembamba. Yeye alilikata pana. Mchoro wa kukatia aliuchora mwenyewe asubuhi kwenye gazeti la zamani, kikombe cha chai kikiwa pembeni, na bado ulikuwa palepale mezani: kifua kipana, kiuno kama cha mtungi, mikono mifupi ya kupitisha hewa. Akalilaza gauni juu ya mchoro. Gazeti likachungulia pande zote mbili.

"Mkono umeharibika," alijisemea, akachukua wembe kuanza kufumua.

Mtaa mzima ulimwita Mwalimu ingawa darasa hakuwa nalo tena. Alikuwa amefundisha sanaa katika shule ya msingi iliyo nyuma ya kituo cha zimamoto, mpaka mwalimu mkuu alipomwita ofisini, akamkaribisha kiti, na kumweleza kwa upole kwamba sanaa haitahiniwi, na kisichotahiniwa hakiwezi kukalia chumba. Chumba kikajazwa madawati yaliyovunjika. Yeye akarudi nyumbani na brashi zake, makopo ya rangi yaliyobaki nusu, na aproni za wanafunzi ambazo hakuna mzazi aliyekuja kuziulizia. Aproni hizo ndizo zilizokuwa kitambaa chake cha kwanza. Alizifua, akazikata miraba, akazishona foronya zenye madoa ya kila rangi ambayo mtoto anaweza kumwaga, na watu wakazipenda. Baada ya foronya zikaja pochi, wanasesere, mapazia ya viraka, nguo za watoto. Meza ya kulia chakula ikawa ya cherehani. Sahani yake akawa anaipakata.

Sahani yenyewe ilikuwa moja. Binti yake, aliyezaliwa na mashavu ambayo hayakuwahi kumtoka, mpaka nesi wa kliniki akamwita Kibonge na jina likamganda, alikuwa anaishi kwa shangazi yake upande wa pili wa mji. Baba yake alikwisha kuoa mbali, na mambo ya huku alimwachia dada yake. Dada huyo, wifi yake Mwalimu, alikuja mwenyewe siku zilezile chumba cha sanaa kilipofungwa. Akafunua sufuria, akabonyeza godoro, akasema, "Wifi, huyu nitakaa naye mimi mpaka usimame. Nyumba yangu kubwa, wangu watatu wanasoma, atasoma nao."

Mwalimu akamfungia mtoto nguo zake. Ni kwa muda tu, alimwambia. Kibonge akauliza muda tu ni mkubwa kiasi gani, na Mwalimu, aliyewafundisha watoto wa watu kuchora vitu vya kila ukubwa, alishindwa kumwonyesha kwa mikono.

Tangu hapo kusimama kulikuwa kumechelewa. Na kwenda kumwona mtoto, wifi hakutaka. "Akikuona atalia wiki nzima, atanivurugia na hawa wengine. Mwache azoee." Basi Mwalimu akawa anamshonea. Gauni likiisha alilipeleka dukani kwa wifi, duka la vipodozi lenye kioo kila upande, na wifi alilipokea, akalitia chini ya kaunta na kusema mtoto hajambo. Mwalimu alirudi nyumbani na neno hilo moja, hajambo, akalitafuna njia nzima.

Wateja wengine aliwapima kwa futi kama mafundi wote, na nguo zao zilitoka sawasawa na vipimo vyao. Kwa Kibonge hakutumia futi. Futi ya nini? Mwili ule aliubeba tumboni, akaubeba mgongoni, akauogesha na kuupaka mafuta kila siku. Aliujua kwa viganja. Alifumba macho, mkono ukachora.

Kwa hiyo gauni la njano lilipotoka jembamba, alilifumua ubavuni, akaongeza kipande kila upande, akalipeleka. La bluu lilipotoka jembamba zaidi, akaongeza vipande vipana zaidi. Jekundu, lenye marinda, lilitoka jembamba kiasi kwamba vipande alivyoongeza vilikuwa vingi kuliko gauni lenyewe. Huko shuleni alikuwa na mazoea ya kupita nyuma ya watoto akiwaambia wachore wanachokiona, wasichore wanachokijua, na mtoto aliyechora mdomo wa kikombe duara kamili, ilhali kikombe kimekaa kwa ubavu, alirudishiwa karatasi. Sasa alikuwa na gauni mkononi, na kila lilipomwonyesha kitu yeye alilirekebisha likae alivyojua.

Mama Mapacha, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyeliona jekundu kabla halijafumuliwa. Alikuja kama kawaida, pacha mmoja mgongoni na mwingine kiunoni, akajitupa kwenye kochi juu ya rundo la vitambaa.

"Shoga, hilo unamshonea nani? Ufagio?"

"Kibonge."

"Kibonge yupi?"

"Unamjua wewe Kibonge mwingine?"

Mama Mapacha alilishika gauni, akalipima kiunoni kwa pacha wa mgongoni, ambaye hata meno hajamaliza kuota. Likapwaya kidogo tu. Akasema kwamba kama ni hivyo basi mtoto atafutiwe jina jingine, akacheka peke yake, na kicheko kikamwishia njiani.

"Ni mkono wangu," Mwalimu alisema. "Tangu niache kufundisha umekuwa mzito."

"Mito yangu mbona ilitoka vizuri?"

Mwalimu aliuinamia mshono. Alikuwa na pini midomoni.

Gauni la kijani ndilo lililomtoa nyumbani. Lilikuwa la mikono mirefu, kwa sababu baridi ilikuwa imeanza, na alikishona kitambaa kikiwa kipya, bado kina ule ugumu wa dukani. Alipolitoa chini ya sindano lilikuwa limechakaa. Mbele, karibu na pindo, palikuwa na duara mbili zilizopauka, nyuzi zimelika mpaka mwanga unapita. Tumboni palikuwa na mstari wa majimaji uliolala kutoka ubavu mpaka ubavu. Juu ya mfuko palikuwa na doa la mafuta ya kupikia. Mwalimu alilikunja, akalitia kwenye mfuko na kwenda moja kwa moja kwa muuza vitambaa kumgombeza.

Muuza vitambaa alikuwa mtu aliyevaa futi shingoni muda wote, hata akienda kula, na mke wake alisema hata akilala. Alilitandaza gauni kwenye meza yake ya kukatia, akapitisha kidole kwenye duara zile mbili.

"Kitambaa changu ni kipya, Mwalimu. Hiki kimevaliwa."

"Hakijavaliwa. Kimetoka kwenye cherehani sasa hivi."

"La nani?"

"La mwanangu."

"Yuko kwako?"

"Yuko kwa shangazi yake."

"Ahaa." Akalikunja gauni vizuri, kwa adabu, kama mtu anayekunja nguo ya mgeni. "Hapo usinilaumu mimi. Ukimshonea mtu wako aliye mbali kwa kukumbuka, bila kumpima, nguo inatoka alivyo. Hutokea. Nina mteja mmoja mumewe yuko gerezani, mashati yanamtoka yamechanika mgongoni. Yeye siku hizi anachukua khaki, inavumilia zaidi. Nikukatie khaki?"

"Hapana."

"Khaki haipauki upesi," alisema muuza vitambaa, lakini Mwalimu alikuwa ameshatoka.

Alisimama nje ya duka, watu wakimpita kushoto na kulia, akiwaza yale magauni matatu. La njano, la bluu, jekundu. Mkono wake haukuwa umeharibika hata kidogo. Mtoto alikuwa anapungua, na yeye, mama mtu, miezi yote hiyo alikuwa anakaa dirishani na sindano akimnenepesha kwa vipande.

Hakwenda dukani kwa wifi. Alikwenda nyumbani kwa wifi mwenyewe. Geti lilikuwa la chuma, limepakwa rangi upya, na wifi alilifungua mwenyewe, kitambaa cha nywele kichwani, kwa kuwa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Mwalimu alilitoa gauni na kulishika kwa mabega. Wifi alilitazama juu mpaka chini.

"Ndiyo, ni lake," alisema. "Hilo doa la mafuta la juzi, alimwaga. Mjinga kweli, lakini nilimsamehe."

"Mbona magotini pamekwisha?"

"Si anasugua sakafu, wifi. Sakafu husuguliwa kwa magoti. Mimi mama yangu alinifundisha hivyo hivyo, na leo nina duka."

"Na mbona amekonda?"

"Amekua. Wakirefuka wanakonda."

"Anasoma?"

"Mwakani. Kwanza azoee nyumba."

"Wenzake wanasoma."

"Wenzake wana baba, wifi." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayemweleza mteja kwamba bidhaa fulani imekwisha. "Chakula anakula, kitanda anacho, simpigi. Wewe ukisimama, njoo umchukue, nani atakuzuia? Umesimama?"

Kutoka ndani ilisikika brashi ikisugua sakafu, mikwaruzo mirefu, na maji yakimwagwa. Mwalimu aliita, "Kibonge!" Brashi ikasimama. Wifi akalifunga geti taratibu, bila kulibamiza, akisema kwaheri kama ndugu. Brashi ikaendelea.

Jumatatu Mwalimu alipiga simu ustawi wa jamii, na wiki hiyohiyo akashona magauni mfululizo, moja baada ya jingine, kwa kila kitambaa kilichokuwemo ndani, pamoja na pazia la jikoni. Yalitoka yote na magoti yaliyolika. Aliyabeba kwenye kikapu, pamoja na lile la kijani, mpaka ofisi ya ustawi wa jamii, akaketi kwenye benchi na wenzake waliokuwa na vikapu vyao, akaitwa.

Afisa ustawi alikuwa mama wa makamo, mwenye feni ndogo iliyokuwa ikimpulizia yeye tu. Aliyapanga magauni mezani kwa mfuatano, akavaa miwani, na ikaonekana wazi kwamba kazi hiyo anaijua.

"Hapa alianza kuhamishiwa jikoni," alisema. "Hapa akapewa na kufua, unaona mikono ya gauni ilivyokakamaa? Sabuni ya unga hiyo, hawasuuzi vizuri. Na hili hapa, huyu siku hii alikuwa na homa. Lipo moto kidogo mpaka sasa. Lishike."

Mwalimu alilishika. Lilikuwa na joto. Akaliweka mapajani na hakulirudisha mezani.

"Tunazipata sana hizi," afisa aliendelea. "Juzi kuna mzee kaniletea soksi. Nilisikitika kweli."

"Kwa hiyo mtakwenda kumchukua?"

"Dada yangu. Gauni linaeleza vizuri sana, lakini likiulizwa swali halijibu. Utaratibu unataka mtoto aulizwe, naye huulizwa mbele ya mlezi wake. Ulipopiga simu Jumatatu nilimtuma mtu, akamuuliza."

"Akasema nini?"

"Amesema hajambo."

Feni ilizunguka. Mwalimu alitazama mikono yake, ambayo rangi ya bluu ilikuwa haijawahi kutoka vizuri chini ya kucha tangu enzi za darasani.

"Wewe mwenyewe una kazi gani?" afisa aliuliza.

"Nashona. Vitu vya mapambo, nguo za watoto. Nilikuwa mwalimu wa sanaa."

"Unashonea wapi?"

"Nyumbani."

"Basi hapo ndipo tatizo lilipo. Anayeshona nyumbani sisi tunamhesabu kuwa yupo nyumbani. Ungekuwa bado unafundisha ningekuwa na la kushika. Ukipata kazi yenye mlango wake, rudi, hata mimi nitafurahi." Alianza kuyakunja magauni, akaacha. "Haya yatabaki hapa kama vielelezo. Hilo la homa unaweza kwenda nalo. Na samahani, nimesikia unashona zile foronya za viraka. Binti yangu amepata chumba chake, anazitaka. Mbili."

Mwalimu akampima mito kwa maneno, urefu na upana. Zilitoka sawasawa.

Gauni lenye homa alilala nalo mpaka likapoa. Lilipopoa alijua mtoto amepona, akamshukuru Mungu, akakaa kwenye kiti cha cherehani na asijue la kufanya na mikono. Palikuwa na mwanasesere wa mteja, tumbo lake liko wazi, pamba imemtoka. Mwalimu akawa anaisukuma ile pamba ndani kwa ncha ya mkasi, kidogokidogo, kama alivyozoea, na katikati ya kusukuma akasimama.

Akalikata gauni jipya, la zambarau, lenye bitana. Kati ya kitambaa na bitana, pale penye magoti, akatia pamba, akaipitishia mishono ya kukatana isije ikajikusanya, kama mtu anayetengeneza mfarishi wa mtoto mchanga. Hakumpelekea mtu. Alilitoa chini ya sindano na kuligeuza. Kitambaa magotini kilikuwa kizima. Pamba ilikuwa imebonyea, imelala chapati, sehemu mbili, kila moja na umbo la goti dogo.

Alilifumua, akaichambua pamba mpaka ikafura tena, akairudishia, akashona. Siku iliyofuata alishona jingine, nalo likatoka limebonyea. Mama Mapacha alipokuja alilibonyeza kwa kidole gumba.

"Kwa hiyo bado anapiga magoti."

"Bado."

"Ila juu ya pamba."

"Juu ya pamba."

"Si haba," alisema Mama Mapacha. Aliwatazama wanawe waliolala mmoja juu ya mwingine kwenye vitambaa kama makombo, akajifuta macho kwa pindo la kanga aliyombebea mmoja wao. "Si haba, shoga. Mimi nina mto wa zamani nyumbani, nikuletee uuchane?"

Akauleta. Muuza vitambaa naye, aliposikia, alitenga pamba iliyobaki kwenye marobota na kumwekea kwenye mfuko. Hakuna aliyemuuliza kitu. Foronya ziliendelea kuuzika. Kibao alichotaka kukitundika nje ili kazi yake iwe na jina na mlango kilikuwa kimeshachorwa, kimeegemea ukuta, kinangoja kibali, na alipokitazama alijisikia kama mtu anayeinuka, ameshika ukingo wa meza, hajanyooka bado. Kila alasiri, kazi za watu zikiisha, alichukua gauni la siku hiyo na kuichambua pamba.

Kisha wifi akapiga simu. Sauti yake ilikuwa changamfu.

"Wifi! Nimekupigia nikwambie, maana mtu akifanya vizuri asifiwe. Mtoto wako amekuwa hodari ajabu. Zamani ilikuwa magoti yanauma, magoti yanauma, mpaka kichwa kinaniuma mimi. Siku hizi halalamiki kabisa. Nimemwangalia, magoti laini, kama ya mtoto wa mwezi mmoja. Yule msichana wa kazi nimemwambia aende kwao, wa nini tena? Sakafu zote anamaliza huyu, na baraza, na ngazi."

Mwalimu alikuwa ameshika simu kwa bega, sindano mkononi. Sindano ilikuwa nusu ndani ya kitambaa. Hakuivuta wala hakuisukuma.

"Wifi? Upo?"

"Nipo."

"Umenisikia lakini? Nakusifia mtoto."

"Nimekusikia. Naomba niongee naye."

Wifi alifikiri. Kwa kuwa alikuwa na furaha, akakubali. "Lakini usimlize." Ikasikika ndoo ikiwekwa chini, miguu isiyo na viatu ikija, simu ikibadilishwa mikono.

"Mama."

"Mwanangu."

Mwalimu alisikia pumzi yake, ya mtu aliyetoka kufanya kazi. Alitaka kumwambia habari za kibao na kibali, na kwamba muda tu sasa unaonekana mwisho wake, lakini Kibonge alimtangulia. Alisema kwa sauti ya chini na ya haraka, kama mtoto aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau alichotumwa.

"Mama, weka na viwikoni. Kwenye ngazi nashikilia na viwiko."

"Nitaweka."

"Isiwe nene sana. Mkono haukunjiki."

"Haitakuwa nene."

"Haya," alisema Kibonge, na simu ikarudi kwa shangazi yake, aliyeaga vizuri na kukata.

Mwalimu alikaa. Mchana ulikuwa bado upo dirishani, wa kutosha kutunga uzi. Alijua kwamba akiacha pamba, magoti yatauma, na msichana wa kazi ataitwa arudi. Alijua pia ni magoti ya nani. Alilivuta gauni karibu, akaingiza ncha ya wembe kwenye mshono wa mkono wa kulia, akaufungua taratibu mpaka kiwikoni, na kuanza kupasua pamba vipande vyembamba.